Kiungo kiliumia, kikapona, sasa kinasumbua: dalili za mapema na sababu zake

Kijana mmoja mpaka rangi, miaka 26, alikuja kwangu akilalamika mgongo. Aliingia akitembea vizuri, akaketi, na hapo ndipo nilipoona jambo. Mguu wa kulia aliukunja kama watu wote, wa kushoto akaunyoosha mbele. Nikamwuliza kama goti hilo liliwahi kuumia. "Hilo lilipona kitambo, daktari. Nililiumiza pale uwanja wa mpira wa Camp Toyoyo miaka mitatu iliyopita, nikapumzika wiki tatu, nikarudi uwanjani." Nikachukua tepu ya fundi cherehani, nikaweka alama ya kalamu sentimita 15 juu ya kilegesambwa, kile kifupa cha mbele ya goti, kwenye kila mguu, kisha nikazungusha tepu. Paja la kulia lilikuwa sentimita 52. La kushoto 48 na nusu. Aliitazama tepu, akaniomba nipime tena.

Nafanya kazi ya fiziotherapia hapa Eastlands, Nairobi, na watu wa namna hii ndio wengi ninaowaona. Walianguka na bodaboda, waliteguka kwenye mtaro, waligongwa uwanjani. Maumivu yakaisha, wakahesabu kwamba wamepona. Miaka kadhaa baadaye wanarudi na kiungo kilichochakaa kabla ya umri wake, na wengi wao walipata dalili mapema sana ila hakuna aliyewaambia kwamba ni dalili. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili hiyo. Tafuta dalili inayofanana na yako, soma sababu zake, kisha ujipime. Nitakaa zaidi kwenye goti kwa sababu ndilo linaloletwa sana, lakini kifundo cha mguu, mkono na nyonga navyo vimo.

Kwa nini maumivu huchelewa

Ukila paja la kuku, mwishoni mwa mfupa huona ile sehemu nyeupe inayong'aa na kuteleza. Hilo ndilo gegedu, na wewe unalo kwenye ncha za mifupa yako yote inayokutana. Gegedu halina mishipa ya damu wala ya fahamu. Hula kwa kunyonya ute wa kiungo kila unapokanyaga na kunyanyua mguu, kama sifongo inayokamuliwa na kuachiliwa. Kwa kuwa halina fahamu, linaweza kukwanguka kwa muda mrefu wewe usisikie lolote. Unapoanza kusikia maumivu, mara nyingi yanayolia ni mfupa ulio chini yake, au ngozi laini inayozunguka kiungo kwa ndani, ikiwa imeshachokozwa.

Siku ya ajali mambo kadhaa hutokea pamoja. Kishindo huua baadhi ya chembe hai za gegedu. Damu ikivuja ndani ya kiungo, na kemikali za uvimbe zikibaki kwenye ute kwa majuma au miezi, gegedu huendelea kudhoofika hata kama umelala kitandani. Ligamenti, zile kamba za ndani zinazofunga mfupa kwa mfupa, zikikatika, mifupa huanza kuteleza isivyopaswa. Meniski ikichanika (ni mto wa umbo la mwezi mwandamo kati ya paja na muundi), uzito wote huangukia eneo dogo. Mwaka 1948 daktari Mwingereza aitwaye Fairbank alieleza mabadiliko aliyoyaona kwenye eksirei za magoti yaliyotolewa meniski. Tangu hapo madaktari wamejifunza kuikarabati au kuiacha kila inapowezekana.

Kwa waliokatika ligamenti ya mbele ya goti au kuchanika meniski, takriban nusu huonekana na ugonjwa wa kuchakaa kwa kiungo miaka 10 hadi 20 baadaye. Piga hesabu: aliyeumia akiwa na miaka 20 anaweza kuwa na goti la mzee akiwa na 35, watoto wake wakiwa shule ya msingi. Na upasuaji wa kuweka ligamenti mpya, hata ukifanywa vizuri, hauifuti hatari hiyo. Ndiyo maana nasisitiza kufuatilia, hata kwa yule aliyepasuliwa na bingwa.

Yasiyongoja kliniki ya Jumatatu

Kiungo kikiwa cha moto, chekundu, kimejaa, huwezi kukigusa wala kukikunja, na una homa au kutetemeka, nenda hospitali usiku huo huo. Huenda ni usaha ndani ya kiungo, hasa kama kulikuwa na kidonda, msumari, au sindano iliyochomwa hapo karibuni. Usaha hula gegedu kwa siku chache tu. Usinywe dawa za kutuliza ukangoja kupambazuke.

Pia usingoje kama mfupa umepinda, kama mguu umekuwa baridi au una ganzi chini ya jeraha, au kama shavu la mguu uliokuwa kwenye plasta limevimba na kuuma halafu pumzi ikaanza kukata. Hiyo ya mwisho huenda ni damu iliyoganda kwenye mshipa, na ikisafiri hadi mapafuni huua. Nyonga iliyochomoka inatakiwa irudishwe ndani ya saa 6, kwa sababu kichwa cha mfupa wa paja kinaweza kukosa damu.

Goti lilivimba siku ile ile

Swali la kwanza ninalouliza kila mtu: lilivimba baada ya muda gani? Lililojaa ndani ya saa mbili za mwanzo kwa kawaida limejaa damu. Damu ndani ya goti maana yake kuna kitu kilichokatika au kuvunjika, na mara nyingi ni ligamenti ya mbele, hasa kama ulisikia "pa!" ukigeuka bila kuguswa na mtu. Lililovimba polepole, ukaamka asubuhi yake limejaa, laelekea zaidi kwenye meniski au kwenye ute unaozalishwa kwa kuchokozwa.

Tofauti hii ni muhimu hata kama ajali ilikuwa mwaka juzi. Kumbuka vizuri. Kama lilijaa haraka na hukuwahi kuchunguzwa ligamenti na mtu anayejua kuivuta na kuipima kwa mikono, basi hujachunguzwa, hata kama ulipigwa eksirei ukaambiwa mfupa ni mzima. Eksirei haionyeshi ligamenti.

Kwa jeraha bichi, kuna kanuni zinazotumika kuamua nani apigwe eksirei ya goti: una miaka 55 au zaidi, au kunauma ukibonyeza kilegesambwa peke yake, au kile kichwa cha mfupa mwembamba upande wa nje chini ya goti, au huwezi kukunja goti hadi digrii 90, au hukuweza kukanyaga hatua nne pale ulipoumia na bado huwezi ukifika hospitali. Moja tu likitimia, omba picha.

Na tafadhali, usimpe mtu goti bichi lililojaa alikande kwa mafuta ya moto. Najua mama na shangazi zetu wanatujali, na wakandaji wengine wana mikono mizuri kwa misuli iliyokaza. Lakini kiungo kinachovuja damu kikikandwa na kuvutwa huvuja zaidi. Siku mbili tatu za kwanza: barafu iliyofungwa kwenye kitambaa (chupa ya maji iliyoganda inatosha) kwa dakika 15 hadi 20, bandeji isiyobana sana, na mguu juu ya mto.

Uvimbe unakuja na kuondoka

Kama ningeruhusiwa kuchagua dalili moja tu ya kuwafundisha wachezaji wote wa mitaani, ningechagua hii. Unacheza Jumapili, Jumatatu goti limenona kidogo, Jumatano limerudi. Haliumi. Unasema ni uchovu.

Goti lisilo na tatizo halijai maji kwa sababu ya uchovu. Likijaa, kuna kitu ndani kinachochokozwa: meniski iliyochanika, gegedu lililonyanyuka, kipande kinachoelea, au ligamenti iliyolegea inayoacha mifupa isuguane. Na maji hayo hayakai bure. Mililita 20 hadi 30 tu, yaani vijiko vinne hadi sita vidogo vya chai, zinatosha kuufanya mfumo wa fahamu upunguze amri kwa msuli wa mbele wa paja. Msuli ukilegea, goti hukosa mlinzi wake, kishindo huingia moja kwa moja kwenye gegedu, goti hujaa tena. Ndivyo paja la yule mpaka rangi lilivyopotea sentimita tatu na nusu bila yeye kuhisi maumivu.

Jipime hivi. Keti kitandani, mguu umenyooka, msuli umelegea kabisa. Kwa kiganja, futa upande wa ndani wa goti kutoka chini kupanda kuelekea pajani, mara mbili au tatu, kama unayesukuma maji nje ya meza. Sasa angalia kile kibonde kidogo kando ya kilegesambwa upande wa ndani. Futa upande wa nje kutoka juu kushuka, mara moja, huku macho yako yakiwa kwenye kibonde. Kikijaa ghafla kwa kiwimbi kidogo, kuna maji. Fanya na goti jingine ulinganishe. Fanya asubuhi baada ya siku ya kazi ngumu au ya mechi, kwa sababu hapo ndipo yanaponaswa.

Ukiona kiwimbi mara moja baada ya jeraha la wiki iliyopita, hilo linatarajiwa. Ukikiona miezi mitatu baadaye, tafuta sababu.

Uvimbe wa goti moja unaokaa majuma bila ajali kubwa, pamoja na kupungua uzito, jasho la usiku au kikohozi, usiuite jeraha la zamani. Kifua kikuu huingia kwenye viungo pia, na hapa kwetu hilo lazima liulizwe.

Goti halinyooki kabisa, au halikunji

Watu huona kukunja, hawaoni kunyooka. Goti linalokosa digrii chache za mwisho za kunyooka humfanya mtu atembee akiwa amekunja kidogo siku nzima, msuli ukifanya kazi bila kupumzika na kilegesambwa kikisukumwa kwenye mfupa wa paja.

Lala kifudifudi kitandani, magoti yakiwa ukingoni na miguu ikining'inia nje. Mwombe mtu wa nyumbani akuangalie visigino. Kimoja kikiwa juu ya kingine, mguu huo haunyooki sawa. Kila sentimita 1 ya tofauti ni takriban digrii 1. Kwa kukunja, kipimo chetu kiko chooni. Aliyekuwa akichuchumaa vizuri kwenye choo cha shimo kabla ya ajali na sasa anashika ukuta, amepoteza kitu, na anajua ni lini alianza kushika.

Sababu yaweza kuwa maji, kovu lililobaki baada ya upasuaji au plasta ya muda mrefu, au kipande cha meniski kilichojikunja katikati. Hiki cha mwisho hufunga goti ghafla: ulichuchumaa ukiinua mtungi, ukasikia mkwaruzo, na sasa halinyooki hata likivutwa. Usilivute. Usimruhusu mtu alivute. Hilo linahitaji daktari wa mifupa ndani ya siku chache, kwa sababu meniski iliyochanika karibuni kwa kijana inaweza kushonwa, ila ikisagwa kwa miezi huwa hakuna cha kushona.

Linakuachia

Unashuka ngazi, goti linalegea kama la mtu mwingine. Kuna sababu mbili kubwa, na zinatengana kwa swali moja: unapogeuka au unapokwenda moja kwa moja? Likikuachia ukigeuka, ukikata kona uwanjani, ukiruka kutoka kwenye matatu inayotembea, fikiria ligamenti. Likikuachia ukishuka ngazi taratibu, fikiria msuli dhaifu au kilegesambwa.

Kila mara goti la ligamenti iliyokatika linapoachia, meniski na gegedu hupata pigo jipya. Kwa hiyo usihesabu ajali moja ya mwaka 2022, hesabu na zile zote zilizofuata. Anayeachiwa na goti mara mbili kwa mwezi anaumia upya mara mbili kwa mwezi. Asimamishe mpira hadi achunguzwe.

Linalia lakini haliumi

Mlio wa kiungo usio na maumivu, uvimbe wala kukwama ni jambo la kawaida sana na haunitishi. Mkwaruzo kama mchanga, unaohisiwa kwa kiganja ukikunja goti lililowahi kuumia, na hasa ukiwa na uvimbe, huo upeleke ukapimwe.

Asubuhi limekaza

Kukaza baada ya kulala au baada ya kukaa kwenye basi kutoka Nakuru, kukaachia baada ya dakika chache na kwa vyovyote kabla ya nusu saa, ni tabia ya kiungo kinachoanza kuchakaa. Kukaza kwa zaidi ya saa moja, tena vidole vya mikono yote miwili vikiwa vimevimba, ni tabia ya baridi yabisi, ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia viungo, nao una dawa zake zinazotakiwa kuanza mapema. Kidole gumba cha mguu kilichowaka moto saa nane usiku kikawa hakigusiki hata na shuka, hicho huenda ni jongo (gauti). Nayataja kwa sababu nimeona mtu akitibiwa jeraha la mpira kwa mwaka mzima kumbe ana ugonjwa mwingine kabisa, ila alikumbuka kwamba aliwahi kuanguka.

Baridi ya Julai hapa Nairobi huwafanya watu wasikie viungo zaidi. Haianzishi ugonjwa. Vaa soksi nzito, lakini usiache kutafuta sababu kwa kuwa ni msimu wa baridi.

Kifundo cha mguu kinachoteguka kila mara

Kwenye goti na nyonga, ugonjwa wa kuchakaa huweza kuja na umri tu. Kwenye kifundo cha mguu, wengi wanaoupata waliwahi kuvunjika au kuteguka vibaya. Kwa hiyo mama anayebeba gunia kutoka soko la Marikiti na kuteguka pale pale mara ya nne asiambiwe "umezoea kuteguka." Kifundo chake kina ligamenti iliyolegea.

Simama kwa mguu mmoja karibu na ukuta, mikono kifuani, hesabu sekunde. Badilisha mguu. Tofauti kubwa ndiyo sababu ya kuteguka tena, na hurekebishika kwa kusimama hivyo hivyo kila siku ukipiga mswaki. Maumivu ya ndani kabisa ya kifundo yanayodumu zaidi ya miezi miwili baada ya kuteguka yanaweza kuwa kipande cha gegedu kilichopasuka juu ya mfupa, na eksirei ya kwanza huweza kukikosa. Kwa jeraha bichi, picha hupigwa kama kunauma ukibonyeza nyuma ya mfupa wa kifundo, ndani au nje, sentimita 6 za mwisho, au kwenye mifupa ya katikati ya unyayo, au huwezi kukanyaga hatua nne.

Mkono ulioanguka nao, na nyonga

Ukianguka na bodaboda ukajizuia kwa kiganja, inua kidole gumba. Kwenye kifundo cha mkono, chini ya gumba, hujitokeza kibonde cha pembetatu. Kikiuma ukikibonyeza, mfupa mdogo ulio hapo huenda umevunjika hata kama eksirei ya leo ni safi. Ufungwe, urudie picha baada ya siku 10 hadi 14. Mfupa huo una damu kidogo, ukiachwa hauungi, na kifundo chote huchakaa baada yake.

Nyonga iliyochomoka au kuvunjika shingo, kwa mfano abiria wa kiti cha mbele cha matatu aliyegonga goti kwenye dashibodi, hufuatiliwa kwa miaka miwili au mitatu. Kichwa cha mfupa kinaweza kufa taratibu kwa kukosa damu. Maumivu yake hukaa kinenani, na mara nyingine mtu huyasikia gotini tu, goti linapigwa picha, linakutwa zima, anarudishwa nyumbani. Kama una selimundu, umetumia dawa za steroidi (dawa kali za kutuliza uvimbe) kwa muda mrefu au unakunywa pombe nyingi, mwambie daktari, kwa sababu hayo nayo hukata damu ya nyonga.

"Eksirei ni safi, lakini mimi najua si sawa"

Nakuamini. Eksirei huonyesha mfupa. Gegedu halionekani, bali hukisiwa kwa nafasi iliyo kati ya mifupa. Madaktari hutumia ngazi iliyotungwa na Kellgren na Lawrence mwaka 1957, kutoka 0 hadi 4, na kwa kawaida ugonjwa hutajwa kuanzia ngazi ya 2, wakati mfupa umeshaanza kuota ncha. Hapo hatuiti tena mapema.

Kuna jambo moja unaloweza kuliomba bila gharama ya ziada: picha ya goti ipigwe ukiwa umesimama, magoti yote mawili pamoja. Ukilala, mifupa huachana na nafasi huonekana pana. Ukisimama, uzito huibana na ukweli huonekana. Nimewahi kushika picha mbili za mama mmoja zilizopigwa wiki mbili tofauti, moja amelala, nyingine amesimama. Ya pili ilikuwa na uwazi mwembamba kama ukucha upande wa ndani. Ya kwanza ilimfanya aambiwe hana kitu.

Picha ya MRI huonyesha meniski, ligamenti, gegedu na hata mchubuko ndani ya mfupa. Ni ghali, na si kila goti linaihitaji. Inahitajika pale jibu lake litakapobadilisha matibabu: goti lililofunga, linaloachia, linalojaa kila mara, au nyonga yenye shaka ya kukosa damu. Anza na uchunguzi wa mikono kwenye kliniki ya mifupa, uandikiwe rufaa kutoka hospitali ya kaunti kama Mbagathi au Mama Lucy Kibaki, na kama umejisajili na SHA, bima ya afya ya taifa iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, uliza kabla ya kupigwa picha kwamba gharama ipi inalipwa na ipi ni yako.

Dawa inayoficha

Wengi huja na historia ya sindano za maumivu za duka la dawa na diklofenaki ya kila siku. Dawa hizi zina nafasi yake kwa siku chache, lakini zikimezwa miezi huchoma tumbo na kuumiza figo, hasa kwa mwenye shinikizo la damu. Krimu ya kupaka ya dawa hiyo hiyo ni salama zaidi kwa goti. Tatizo langu kubwa ni lingine: ukimeza kabla ya mechi ili ucheze, umezima taarifa iliyokuwa ikikulinda.

Sindano ya steroidi ndani ya goti hutuliza, na mara moja kwa sababu nzuri sina ugomvi nayo. Lakini utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulilinganisha sindano za kila miezi mitatu kwa miaka miwili na sindano za maji ya chumvi. Maumivu hayakutofautiana, na gegedu lilipungua zaidi kwa waliochomwa steroidi. Anayekuahidi sindano kila unapoumwa, mwulize mpango wake ni nini baada ya hapo.

Unaanzia wapi

Anza na msuli wa paja. Keti kwenye kiti kisicho na mikono, inuka kwa mguu mmoja, kaa taratibu, hesabu mara ngapi unaweza bila kuyumba. Fanya kwa mguu mzima kwanza ili ujue lengo. Kama huwezi hata mara moja, tumia miguu miwili, ukiweka uzito zaidi kwenye ule ulio dhaifu. Siku tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu au minne. Kuendesha baiskeli na kutembea kwenye njia laini, kama zile za msitu wa Karura, hulisha gegedu bila kulipiga.

Ngazi zinastahili kutajwa peke yake kwa mtu anayeishi mtaa wa Pipeline ghorofa ya saba bila lifti. Kushuka ngazi hutia kwenye goti mzigo zaidi ya mara tatu ya uzito wa mwili. Goti likiwa limejaa, panga siku yako upande ngazi mara moja tu, ushike chuma, na maji ya mitungi yabebwe na mwingine kwa wiki hizo. Kwa mwenye uzito mkubwa, kila kilo moja anayopunguza huliondolea goti mzigo wa karibu kilo nne katika kila hatua, na hilo ndilo punguzo la bei nafuu kuliko yote ninayoyajua.

Kanuni ya kuongeza mazoezi ni ya saa 24. Ukifanya leo, kesho asubuhi angalia kibonde cha goti na usikilize maumivu. Yakiwa kama jana, ongeza. Yakizidi au kiwimbi kikirudi, punguza nusu, usiache. Aliyepasuliwa ligamenti asirudi kwenye mechi kabla ya miezi 9, hata kama anajisikia simba. Na arudi pale mguu ulioumia unapofikia angalau asilimia 90 ya mwenzake kwa nguvu na kwa kuruka kwa mguu mmoja.

Yule mpaka rangi alianza Februari. Aprili paja lake lilikuwa 49 na nusu, Juni 51. Uchunguzi ulionyesha ligamenti imekatika na meniski imechanika pembeni, na sasa anazungumza na daktari wa mifupa kama ni upasuaji au la. Mgongo uliacha kumsumbua njiani, hata hakuutaja tena hadi nilipomwuliza.

Ukienda kliniki, beba picha zote za zamani, hata zile zilizokunjamana juu ya kabati, na kadi ya kutoka hospitali. Andika kwenye karatasi tarehe ya ajali, uvimbe ulitokea baada ya saa ngapi, goti limeachia mara ngapi mwezi huu, na vipimo vya mapaja yote mawili. Weka alama ya sentimita 15 kwa kalamu isiyofutika haraka, na mtu yule yule akupimie kila mara, asubuhi, msuli umelegea. Tofauti ya sentimita 1 inaweza kuwa ya kuzaliwa. Ikifika 2, njoo, na usingoje liume.